Paki za burudani na joto la Ghuba: jinsi ya kuendesha siku bila mtu kuanguka

Wadau, hii nawaandikia hasa masupavaiza na viongozi wa shifti kwenye paki za burudani huku Ghuba, maana watu wa Afrika Mashariki tuko wengi kwenye hizi kazi, mageti, bembea (yaani mashine zote za kupanda), uokoaji kwenye mabwawa, ulinzi, vibanda vya chakula. Na wewe unayefikiria kufungua sehemu ya watoto kuchezea huko nyumbani soma pia, kuna kitu utapata. Kuanzia Juni mpaka Septemba Dubai na Abu Dhabi mchana unapita nyuzi 40 siku nyingi, kuna siku inagusa 45 na kuendelea, halafu usiku wa Julai na Agosti bado karibu 30, yaani mwili haupati nafasi ya kupoa. Joto la namna hii sio la kuvumilia, ni la kupangia.

Kwanza kabisa acheni kuongozwa na namba ya kwenye simu. Ile inapimwa kivulini, haijui jua linakupiga vipi wala sakafu uliyosimama ikoje. Binadamu anapoa kwa jasho kukauka, sasa hewa ikijaa unyevu kama jioni za Agosti pale Abu Dhabi jasho linatiririka tu, halikauki, joto linabaki ndani ya mwili. Mtu wa Mombasa au Dar hahitaji kufundishwa hii, Februari ya Dar inachosha kuliko joto kavu la Dodoma. Kipimo cha kutumia kinaitwa WBGT, kinachanganya vitu vitatu: kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji (hicho ndio asilimia 70 ya hesabu), tufe jeusi linalokaa juani (20) na joto la kawaida la hewa (10). Kifaa cha kushika mkononi kipo, kinauzwa, mwambie meneja anunue, na kipimwe pale watu wanaposimama, sio ofisini.

Ila angalia usichanganye, WBGT 32 sio nyuzi 32 za kwenye simu, ni hali mbaya mno. Qatar tangu 2021 sheria inasema ikipita 32.1 kazi ya nje isimame hata kama saa ya mapumziko ya mchana bado. Japani serikali inatoa tahadhari ya kiharusi cha joto (mwili kuzidiwa na joto, sio kile cha kupooza) WBGT ikikadiriwa kufika 33, na kuanzia Juni 2025 mwajiri analazimishwa kuwa na utaratibu wa kuripoti na kumhudumia mtu aliyezidiwa pale kazi inapofanyika kwa muda mrefu kwenye WBGT 28 au joto la hewa la 31.

Ukishapata kipimo weka ngazi zako KABLA msimu haujaanza. Hapa mimi nina msimamo na sirudi nyuma: uamuzi wa kufunga bembea usiachwe ufanywe saa 7 mchana, tiketi zimeshauzwa, foleni imejaa, bosi hapokei simu. Saa hiyo hakuna mtu atakayethubutu. Andikeni mapema, namba hii tunaongeza mapumziko, namba hii bembea zote za juani zinafungwa, namba hii eneo lote la nje linafungwa na wageni wanaingizwa ndani, halafu meneja mkuu aweke sahihi na karatasi ibandikwe kila kibanda. Kijana wa kwenye bembea akiona namba imefika anafunga, anaripoti baadaye, na asiulizwe. Na saa zilizosimama zilipwe! Kama kusimama ni kukatwa mshahara basi hamna mpango wowote, mtu aliyekuja huku na deni la wakala hatakwambia kichwa kinamuuma mpaka adondoke.

Sheria za mapumziko ya mchana, saa ambazo kazi ya juani ni marufuku, mnazijua, Emirati (ndio Dubai, Abu Dhabi na wenzao) ni Juni 15 hadi Septemba 15, saa 6 na nusu mchana mpaka saa 9, Oman ni Juni mpaka Agosti, saa 6 na nusu mpaka saa 9 na nusu, Qatar wao wanaanza saa 4 asubuhi mpaka saa 9 na nusu. Hicho ni kiwango cha chini, sio lengo. Saa 9 ikigonga jua bado liko pale pale na lami ndio imeshiba joto.

Dawa kubwa kuliko zote ni kubadilisha saa, au msimu wenyewe. Global Village ya Dubai, uwanja wa burudani na maduka ulio nje, inafunga kiangazi chote na kufungua tena Oktoba, na watu wanarudi kila mwaka kwa maelfu. Wengine wamejenga paki za ndani, Ferrari World pale kisiwa cha Yas Abu Dhabi ilifunguliwa 2010, IMG Worlds ya Dubai 2016, Warner Bros. World ya Abu Dhabi 2018, bembea karibu zote chini ya paa na kiyoyozi. Kama paki yako haina paa basi michezo ya nje ianze baada ya Magharibi, ila usidhani jua likizama kazi imekwisha, karibu na bahari unyevu unapanda usiku, pima tena kila saa.

Sasa foleni. Hapa naomba mtulie maana ndipo watu wanapoanguka, sio kwenye bembea. Bembea ni dakika mbili na upepo unakupiga, foleni ni saa nzima umesimama umebanwa na miili ya watu, mtoto mkononi, huwezi kutoka maana utapoteza nafasi. Kwa hiyo kitu cha maana zaidi ni kuua foleni yenyewe, toa namba kwa simu au hata kikaratasi chenye saa ya kurudi, mtu akae ndani kwenye baridi aje muda wake ukifika. Isipowezekana weka kivuli njia nzima mpaka mkia wa foleni, sio mita chache za mbele zinazoonekana kwenye picha, na turubai liwe juu, pembeni pawe wazi, maana turubai la chini lililozibwa linakuwa oveni. Lami na vigae vyeusi juani vinaweza kupita nyuzi 60, na mtoto wa miaka mitatu uso wake uko karibu na hiyo lami kuliko wako, joto unalolisikia wewe kichwani yeye analipata zaidi. Weka maji ya bure ndani ya foleni, baridi, yanayofikika bila kuondoka kwenye mstari. Ukimwambia mtu kibanda cha maji kiko kule ng'ambo na chupa ni dirham kadhaa, hatakwenda.

Feni sio jibu kila mahali. Hewa ikishapita 40 feni inakupulizia moto tu, Shirika la Afya Duniani lenyewe linaonya hivyo. Mashine za ukungu wa maji zinafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu, ikiwa na unyevu zinalowesha nguo tu na watu wanadhani wamepoa. Bora chumba kimoja chenye kiyoyozi cha kweli kila eneo, milango wazi kwa kila mtu bila kununua chochote.

Vyuma pia, mikanda, vifungo, reli za kushika, viti. Kabla ya kila kundi kupanda mhudumu aguse kwa mgongo wa mkono, akishindwa kuacha mkono hapo basi mtoto hapandi, funika na shuka jeupe au mwagia maji kama mafundi wamekubali. Na rola kosta (treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi) ikikwama juu na watu wamekaa juani ile sio hitilafu ya mafundi peke yao, ni dharura ya afya, muwe mmeshafanya mazoezi nani anapanda na maji, nani na miamvuli, na baada ya dakika ngapi mnaanza kuwashusha kwa miguu.

Kwa wafanyakazi, anayekufa kwa joto kazini mara nyingi ni mgeni wa wiki ya kwanza. Mwili unahitaji muda kuzoea. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu mpya siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya muda kwenye joto, kisha ongeza 20 kila siku. Sasa huku kwetu mtu anashuka Jumanne kutoka Entebbe, Alhamisi yuko getini juani masaa 8. Hilo lisimame. Maji ni kikombe kila dakika 15 au 20, sio kusubiri kiu, ila isizidi kama lita moja na nusu kwa saa maana maji mengi kupita kiasi nayo yanashusha chumvi mwilini, kwa hiyo na chakula kiliwe. Halafu kuna jambo halisemwi sana, akina dada wengi wanaacha kunywa maji kwa sababu choo kiko mbali na hakuna wa kuwashikia nafasi. Supavaiza, panga mtu wa kuzunguka kushikia nafasi, utaona wanakunywa.

Wanaovaa maskoti, yale mavazi makubwa ya wahusika wa kuchekesha wageni, wawe wa kwanza kwenye mpango wako. Julai 2019 kwenye paki ya Hirakata kule Osaka kijana wa miaka 28 alifariki kwa kiharusi cha joto baada ya mazoezi ya ngoma akiwa ndani ya vazi la kilo 16, na ilikuwa jioni. Jioni! Mazoezi yafanyike ndani, vazi likivaliwa nje iwe dakika chache, na awepo mwenzake anayemwangalia na mwenye haki ya kumvua kichwa cha maskoti mbele ya wageni. Na pale kambini wafanyakazi wanapolala kiyoyozi kikiharibika kitengenezwe siku hiyo hiyo, maana mtu aliyelala kwenye joto anaanza shifti akiwa ameshachoka nusu.

Akizidiwa mtu, muulize jina lake na yuko wapi. Akijibu vizuri ila kizunguzungu na kichefuchefu, mpeleke kwenye baridi, mvue ya juu, mpe maji. Akijibu hovyo, akipepesuka, akipoteza fahamu, hiyo ni kiharusi cha joto mpaka ithibitishwe vinginevyo, na usisubiri ngozi iwe kavu, mtu aliyekuwa anafanya kazi anaweza kuwa amelowa jasho kabisa na bado anakufa. Piga 998 hapa Emirati, na kabla ambulansi haijafika POZA. Beseni kubwa la maji na barafu, mzamishe mpaka shingoni, kichwa kikishikiliwa. Beseni hakuna? Mwagia maji baridi mfululizo, taulo za barafu shingoni, makwapani, kinenani, na umpepee. Usimnyweshe chochote mtu aliyechanganyikiwa. Beseni na barafu viwe tayari kila asubuhi kila kituo cha huduma ya kwanza, barafu ya kwenda kuomba jikoni inachelewa.

Maegesho nayo yana walinzi, wapeni kazi ya kuchungulia magari. Ndani ya gari lililofungwa joto linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10, mtoto hasubiri mama akimbie kukata tiketi. Na wazazi wanaofunika kigari cha mtoto kwa blanketi waelezeni kwa upole kwamba hewa inaziba, mwavuli unatosha.

Mwisho ni tiketi. Familia imelipa mamia ya dirham, baba anaona mtoto amelegea lakini anasema tumalizie bembea mbili, pesa imeshatoka. Siku namba ikifika ngazi ya juu mpeni kila aliyeingia tiketi ya kurudi siku nyingine, itangazwe kwenye spika na kwenye geti, aondoke bila kuona amepoteza. Pelekeni hoja hiyo kwenye kikao cha Mei, bajeti ya kiangazi ikiwa bado haijafungwa.