Kopo la maziwa uani: kuhesabu mvua ya masika kwenye bustani ya mchanga

Huku Chamazi, Dar es Salaam, udongo wetu ni mchanga mtupu. Mvua inaweza kupiga usiku kucha, watu wakaamka barabara imejaa madimbwi, na siku ya tatu mchicha wangu uani umeshalegea unadai maji. Kila masika nikiambiwa "mama, safari hii ndoo umezipumzisha," nacheka tu. Mvua ya bustani inapimwa, usiihukumu kwa kelele za bati. Manyunyu kidogo tu bati linaunguruma, asubuhi ukifukua kwa kidole, chini ya pingili ya kwanza pakavu.

Tafuta kopo la maziwa ya unga, lile ambalo mdomo na kitako vina upana mmoja. Lifunge kwenye mti uliochomekwa ardhini, usawa wa goti, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Liweke mahali peupe, mbali na ukuta, mwembe na michirizi ya paa. Asubuhi chomeka rula ya mtoto wa shule, soma milimita, kisha mwaga. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa husoma saa 3 asubuhi. Mimi nasoma mapema zaidi, watoto wakishaondoka. Saa yoyote inafaa, mradi iwe ile ile kila siku na jua halijaanza kuyanywa maji ya kopo.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Tuta langu lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 4, kwa hiyo mvua ya milimita 10 imenimwagilia lita 40, yaani ndoo mbili kubwa. Kwa jua la Dar, mboga za majani zinakunywa kama milimita 5 kwa siku, ndoo moja kwa tuta lile. Milimita 10 zimeninunulia siku mbili. Ikisoma chini ya 3 sihesabu kitu, hiyo imeosha majani tu.

Wengi wanapotelea hapa: wakiona kopo lina milimita 60, wanajipa likizo ya siku kumi na mbili. Mchanga hauna ghala hilo. Kwa kina cha mizizi ya mchicha unashika milimita 20 na ushei, zinazobaki zinashuka chini ambako mzizi haufiki. Kwa hiyo iwe 30 au iwe 60, siku ya nne fukua kwa kidole. Ukichanganya samadi iliyooza vizuri na kutandaza nyasi kavu juu, unaongeza siku moja hivi. Wanaolima mabondeni, Msimbazi kwa mfano, shida yao ni kinyume: maji yanakaa mpaka mizizi inaoza, hao wainue matuta na kuchimba mitaro kwanza.

Maji yanaposhuka hayaendi peke yake, yanabeba mbolea. Ukiona majani ya chini ya sukuma wiki yanageuka njano baada ya wiki ya mvua kubwa, huku ya juu bado kijani, usikimbilie dawa ya wadudu. Chakula kimeoshwa. Usiweke mbolea ya dukani wingu likiwa zito. Subiri mvua ipungue, kisha weka CAN, ile mbolea ya dukani ya naitrojeni, nusu kisoda kwa kila mche, kando ya shina, na baada ya wiki mbili nusu nyingine. Ukiweka kisoda kizima kwa mkupuo, nusu yake unalisha kisima cha jirani.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, tone moja la masika linazitawanya hadi kwenye njia. Changanya na mchanga mkavu, sia kwa mistari, funika kwa nyasi. Zikichipua ondoa nyasi jioni. Kitalu kijengee kichanja cha makuti, kinavunja nguvu ya matone. Ukiona miche inakatikia shingoni na kulala, hiyo ni kinyausi: punguzia miche, na maji yasimwagwe tena jioni.

Sasa jambo linaloniudhi. Mtaani kwetu wapo wanaosubiri mvua kubwa ndipo wafungulie vyoo, uchafu uende na mafuriko. Kwa hiyo bustani ya nyumbani inalindwa kutoka upande wa juu: chimba mtaro wa kina cha jembe moja, udongo wake uutupe upande wa matuta uwe kingo. Maji ya aina hiyo yakishapita juu ya mchicha au matembele, usidanganywe na kuosha kwa chumvi. Kata yote, tupa, usile wala usiuze. Subiri machipukizi mapya, nayo uyapike mpaka yaive. Wiki ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, tangazo lilitoka mapema kwenye redio, nikavuna kila kilichofaa kabla maji hayajafika. Sikujali kwamba mafungu yalikuwa madogo.

Kwa masika panda bamia, matembele, mlenda, majani ya maboga, na kisamvu usikisahau. Nyanya hapana. Najua bei yake Aprili inatia tamaa, lakini joto na udongo uliolowa ndivyo mnyauko wa bakteria unavyovitaka. Mche unanyauka ghafla majani yakiwa bado kijani, unamwagilia, haunyanyuki. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji. Tulia kidogo. Ukiona uzi mweupe wa rangi ya maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, ndio wenyewe, na hakuna dawa ya kuponya. Ng'oa na udongo wa mizizi, usitupe kwenye mboji, na pale usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili. Jembe ulilotumia lioshe kabla hujahamia tuta lingine.

Nyanya zako zisie kitaluni katikati ya Mei, uhamishie miche Juni mvua zikishakatika. Kipupwe kinaivisha polepole lakini magonjwa ni machache. Wakati huo maji ni ya ndoo, na bado kopo usiling'oe, maana Julai huwa kuna mvua za kushtukiza.