Kubeba Fimbo za Gofu kwa Baiskeli au Skuta Mombasa

Mchuuzi wa maji akifunga mitungi minne ya lita 20 kwenye baiskeli yake amebeba kilo 80, na bado anapita katikati ya matatu na tuktuk bila kuyumba. Mfuko wa gofu wenye fimbo zote, mipira na chupa ya maji haufiki hata robo ya uzito huo. Iweje basi mfuko huo ndio unaomwangusha mtu? Ni kwa sababu ya urefu. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ina sentimita 114 hivi, na vichwa vizito vya fimbo vyote viko upande mmoja. Kila unapopita tuta, vichwa vile vinauvuta mfuko na mfuko unaivuta baiskeli. Kazi yote ya kufunga fimbo ni kuuzuia huo mvuto, na kuhakikisha hakuna kitu kinachotokeza nje ya upana wa hendeli.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza. Sheria za gofu zinakataza kuingia uwanjani na fimbo zaidi ya 14, lakini hazikulazimishi kufikisha 14. Uwanja wa Mombasa Golf Club, ule wa kando ya bahari kwenye Mama Ngina Drive, una mashimo 9, na fimbo saba zinatosha kabisa: haibridi moja (ya mapigo marefu), aini ya 5, ya 7 na ya 9 (fimbo za vichwa bapa vya chuma), weji mbili (za mapigo mafupi ya juu), na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Ukiiacha draiva nyumbani, fimbo yako ndefu kuliko zote inakuwa ya mita moja hivi. Sentimita 14 hizo zilizopungua utazihisi kwenye kona ya kwanza. Fimbo saba ndani ya mfuko mwembamba usio na miguu ni kilo 4 au 5 tu. Ukienda uwanja wa Nyali wenye mashimo 18 na ukataka seti nzima, usiibebe mgongoni. Tengeneza kibebeo kinachoelezwa hapa chini.

Kuufunga mfuko wenyewe

Kinachoharibu fimbo njiani ni kugongana. Vichwa vya aini vikigongana vinatoka alama, na hilo linavumilika. Hatari kubwa iko kwenye shafti, yaani mipini ya fimbo, zile za grafaiti zilizotengenezwa kwa nyuzi za kaboni: zinasuguana na ukingo wa mdomo wa mfuko, rangi inatoka, kisha nyuzi za chini zinakatika moja moja. Fimbo haivunjiki njiani. Inavunjika wiki kadhaa baadaye, unapoupiga mpira kwa nguvu zako zote. Pitisha ukucha kwenye shafti, kuanzia sentimita 20 chini ya kichwa hadi pale inapogusa mdomo wa mfuko. Ukucha ukikwama penye mkwaruzo, mwonyeshe fundi wa gofu kabla ya kuipiga tena.

Kinga yake ni rahisi. Vika kila kichwa cha aini soksi nzito, sukuma taulo moja katikati ya shafti pale mdomoni, halafu vifunike vichwa vyote pamoja kwa leso iliyokunjwa mara mbili. Juu ya leso zungusha raba ya tyubu mara tatu, uikaze mpaka ukiutikisa mfuko usisikie mlio. Ukisikia chuma kikilia, fungua uanze tena, maana mlio huo barabarani utakuwa mara mia.

Kama mfuko wako ni ule wa kusimama wenyewe kwa miguu miwili, kuna jambo moja lisilosameheka. Miguu ile hufunguka kitako kinapobonyezwa. Ndani ya kibebeo kitako kinabonyezwa muda wote, na kila shimo la barabarani linakibonyeza zaidi. Mguu ukichomoka unaingia moja kwa moja kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na gurudumu linakwama papo hapo. Ifunge miguu yote miwili kwenye mwili wa mfuko kwa raba mbili, moja karibu na bawaba na nyingine karibu na ncha. Usiuamini ule mkanda mdogo uliokuja na mfuko.

Kibebeo cha pembeni kwa baiskeli

Baiskeli inayofaa ni ya keria ya chuma iliyoshikwa na ekseli ya nyuma, kama zile blakimamba za zamani. Keria zinazobana nguzo ya kiti peke yake hazifai: mzigo mrefu wa upande mmoja unazizungusha, hata nati zikikazwa vipi.

Chukua mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa mafuta ya kupikia wenye umbo la mraba, uukate sentimita 25 kutoka kitako. Toboa matundu manne chini ili maji ya mvua yatoke. Mwambie fundi wa kuchomea vyuma akukunjie fremu ya nondo ya milimita 8: ndoano mbili juu za kuning'inia kwenye keria, na kitanzi chini cha kuufungia mtungi kwenye mguu wa keria. Kitanzi hicho cha chini ndicho wengi wanachokisahau. Bila hicho mtungi unabembea, na siku moja unaingia kwenye spoku. Unapoufunga mtungi kwenye fremu kwa bolti, weka kipande cha tairi kuukuu chini ya kila nati, upana wa sarafu kubwa au zaidi. Plastiki ikibanwa na nati tupu inapasuka kuanzia kwenye tundu.

Sasa nguzo ya juu. Kitako cha mfuko kikiwa sentimita 25 kutoka ardhini, shingo ya mfuko inafika kama sentimita 110, na keria iko kwenye 75 hivi. Kwa hiyo unahitaji paipu ya inchi nusu inayopanda sentimita 35 juu ya keria, yenye umbo la U kwenye ncha, ili shingo ya mfuko ikae ndani yake. Pima kwa baiskeli yako na mfuko wako kabla ya fundi kuwasha mashine, kwa kuwa keria zinatofautiana. Ivishe ile U tyubu kuukuu tabaka mbili. Inamisha nguzo nyuma kidogo, digrii 10 au 15, vichwa visikugonge mgongoni ukifunga breki.

Mtungi ukae nyuma ya ekseli. Panda, weka kiatu kwenye pedali kama kawaida, zungusha kinyumenyume: kati ya kisigino na mtungi pabaki angalau sentimita 5. Upande mrefu wa mtungi uelekee mbele na nyuma ili usitokeze zaidi ya hendeli. Kipimo ni hicho: panapopita hendeli, mzigo nao upite.

Upande gani? Kushoto. Huku kwetu magari yanakupita kuliani, na kioo cha matatu kikigusa kichwa cha fimbo, baiskeli nzima inageuka. Kulia weka mkoba wa viatu, mipira na maji, kilo 3 hivi, uwe mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni rahisi kukadiria.

Funga kwa raba ya tyubu iliyokatwa upana wa sentimita 4. Inavutika, inashika na haitelezi, na fundi yeyote wa baiskeli anayo. Moja ipite kwenye U, nyingine katikati ya mfuko penye keria. Ncha iliyobaki ichomeke ndani ya mzunguko, isining'inie. Kamba ya nailoni inalegea yenyewe kwa mtikisiko. Mikanda ya mpira yenye ndoano za waya ni ya kuogopa: ndoano ikiponyoka inaruka usawa wa jicho. Jua la Pwani hukausha raba haraka, kwa hiyo ikianza kuonyesha nyufa ukiivuta, badilisha.

Kupanda, kupita, kushuka

Kwa mfuko uliosimama nyuma, mguu hauwezi tena kupita juu ya keria. Inamisha baiskeli upande wako, pitisha mguu mbele juu ya bomba la fremu, ndipo uinyanyue. Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, inakuondolea taabu hiyo yote na inafaa kazi hii kuliko nyingine. Stendi iwe ya miguu miwili, ile inayonyanyua gurudumu la nyuma. Stendi ya mguu mmoja na mzigo wa kushoto havipatani, baiskeli italala tu.

Kabla ya kwenda mbali zunguka uwanja wa nyumba mara mbili, pita tuta moja polepole, kisha shuka ukague nati. Kaza tena. Nati mpya hulegea safari ya kwanza.

Kisiwani ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, adui ni upepo. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na Daraja la Nyali liko wazi kabisa juu ya maji. Mfuko uliosimama unashika upepo kama tanga dogo, na unaweza kukusukuma upande wa magari. Vua kifuniko cha mvua kama mvua hainyeshi, maana ndicho kinachojaa upepo. Asubuhi mapema upepo huwa mtulivu na magari ni machache, basi vuka wakati huo. Ukiona hendeli inataka kukuponyoka, shuka usukume. Daraja si refu kiasi cha kukuchelewesha.

Wanaotoka Likoni, kwenye feri shuka ukokote baiskeli kabla hujakanyaga ule ubao wa chuma. Huwa una maji na mafuta, na tairi la baiskeli yenye mzigo wa upande mmoja linateleza kwa urahisi. Simama wewe upande wa mfuko, uushike shingoni, watu wasijigonge.

Ukiubeba mgongoni

Kwa safari fupi ya fimbo saba, mgongo unatosha. Mikanda iwe miwili, ya mabega yote. Ukiwa na mkanda mmoja, ukiinama kwenye hendeli mfuko unateleza kifuani na kukufunga mkono. Kaza mpaka kitako cha mfuko kikae pembeni mwa nyonga, kisiguse kiti wala keria. Kumbuka vichwa viko juu ya bega lako: usipite chini ya matawi ya miembe wala karibu na paa la tuktuk. Na kabla ya kugeuza shingo kutazama nyuma, jaribu nyumbani kama helmeti haigongi fimbo.

Skuta na bodaboda

Skuta yenye sakafu bapa inamshawishi mtu asimamishe mfuko katikati ya magoti. Inawezekana kwa mfuko mwembamba tu, na kwa sharti hili: ukiwa umesimama, geuza hendeli mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Ikigusa mfuko hata kidogo, usiende. Kwenye mzunguko wa barabara ndipo utakapohitaji ule mwisho wa hendeli, na hapo hutakuwa na nafasi ya kuupangua mzigo. Hakikisha pia mguu wako unafika kwenye breki bila kuukwepa mfuko.

Bora zaidi ni keria ya nyuma yenye nguzo kama ile ya baiskeli, mfuko ukiwa umesimama nyuma ya kiti. Uweke mbali na egzosi, angalau sentimita 15. Nailoni ya mfuko inayeyuka na kushika chuma cha moto, na gundi inayoshika kichwa kwenye shafti hulainika kwa joto kali.

Ukipanda bodaboda kama abiria, usikubali mfuko ulazwe kwa kupita kati yako na dereva. Imezoeleka, lakini mfuko wa sentimita 114 kwenye pikipiki yenye hendeli ya sentimita 80 hivi unatokeza kila upande, na dereva amezoea kupima nafasi kwa hendeli yake. Uvae mgongoni, mikanda yote miwili, vichwa juu, na umwambie dereva kabla hajawasha: "Kaka, mzigo wangu ni mrefu, usipenye katikati ya magari." Sheria ya Kenya inawataka nyote wawili mvae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Mfuko mgongoni unaifunika jaketi, kwa hiyo funga utepe unaong'aa au kitambaa chekundu kwenye mfuko wenyewe, hasa ukirudi magharibi.

Chumvi

Hapa kwetu hewa ina chumvi, na fimbo iliyopita kando ya bahari juu ya baiskeli imepata chumvi hata kama hukupiga mpira. Ukifika nyumbani pangusa vichwa na shafti za chuma kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kisha kitambaa kikavu. Toa taulo na soksi, zianike. Wengi huziacha ndani zikiwa na jasho na umande, na kutu huanzia pale shafti inapoingia kwenye mshiko, mahali usipopaona. Fremu ya nondo nayo ipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuitumia, na uichungulie pale ilipochomewa kila mwezi: rangi ikivimba, ikwangue na upake upya siku hiyohiyo.