Jinsi ya kufumbua majina ya mitaa ya Estonia

Huhitaji kujua Kiestonia ili uelewe kibao cha mtaa. Unahitaji kamusi, ramani ya kale na subira.

Hatua ya 1: Tenga neno la mwisho. Tänav ni mtaa, väljak ni uwanja, puiestee ni barabara iliyopandwa miti. Maantee ni barabara kuu, na ukiikuta kazi imekwisha: Narva maantee ya Tallinn, mji mkuu, inaelekea mji wa Narva.

Hatua ya 2: Rudisha jina kwenye umbo la msingi. Hapa wengi hukwama, basi usiharakishe. Majina mengi yako katika hali ya umilikishi. Ile "-a" yetu ya "mtaa wa" imo ndani ya neno lenyewe. Jizoeze kwa Supilinn, "Mji wa Supu", kitongoji cha Tartu kando ya mto Emajõgi. Mtaa wake wa Kartuli ni rahisi: kartul, kiazi. Herne inatokana na hernes, njegere. Oa ndiyo hasa humtoa mtu jasho, kwa sababu asili yake ni uba, haragwe, na herufi ya kati imedondoka. Andika "oa" kwenye Sõnaveeb, kamusi ya mtandaoni ya Taasisi ya Lugha ya Kiestonia, uone inakokupeleka.

Majina ya watu hufuata njia hiyohiyo. Kreutzwaldi ni Friedrich Reinhold Kreutzwald (1803–1882), daktari aliyetunga utenzi wa taifa, Kalevipoeg. Lakini sifa kama Pikk (ndefu) na Lai (pana) huachwa zilivyo.

Hatua ya 3: Pasua maneno yaliyoungana. Rataskaevu: ratas, gurudumu, kaev, kisima. Nenda Tallinn ya kale, kisima chenyewe utakikuta pale. Müürivahe ni "kati ya kuta", na kweli mtaa huo unaambaa na ukuta wa mji.

Hatua ya 4: Tafuta majina yaliyotangulia. Usiiruke hatua hii, maana tafsiri pekee hupotosha. Lango la Viru la Tallinn limepewa jina la Virumaa, eneo la kaskazini-mashariki, ilhali Wajerumani waliliita Lehmpforte, lango la udongo wa mfinyanzi. Kisha angalia enzi ya Wasovieti: Vabaduse väljak, Uwanja wa Uhuru, uliitwa Võidu väljak, Uwanja wa Ushindi, na Rävala puiestee ilikuwa na jina la Lenin. Sõpruse puiestee, barabara ya urafiki, haikubadilishwa. Andika kila jina pamoja na kipindi chake.