Kulala chini ya turubai milimani Usambara: jinsi ya kulifunga likae mpaka asubuhi

Watu wakipanga kutembea Lushoto mpaka Mtae wanauliza wabebe tenti gani, na mimi nawaambia kama sio msimu wa masika acha tenti nyumbani beba turubai. Tenti ya kawaida ya watu wawili inacheza kwenye kilo 2 na nusu mpaka 3, turubai jepesi la nailoni la mita 3 kwa 3 ni gramu mia sita mia saba hivi, na ile milima ni kupanda na kushuka kutwa nzima kwahiyo mabega yatakushukuru.

Hatua ya 1: vifaa
Turubai lenye vitanzi pembeni, kamba nyembamba ya milimita 3 urefu mita 12 hivi, vipande vingine sita vya mita mbili mbili, vigingi vinane, plastiki la kutandika chini, chandarua. Lile turubai la bluu la kufunikia mizigo nalo linafaa kujifunzia, ni zito tu na upepo ukivuma linapiga kelele usiku kucha.

Hatua ya 2: sehemu
Hapa usiwe na haraka kabisa. Kwanza ruhusa, ongea na mwenyekiti wa kijiji au mwenye shamba, na Magamba ni hifadhi ya msitu so kibali kabla hujaingia. Halafu angalia juu. Lushoto mikaratusi ni mingi na ule mti unaangusha matawi hata siku isiyo na upepo, usilale chini yake hata kama pamekaa vizuri namna gani. Kisha angalia chini, tafuta njia za siafu, hasa kama mvua imetoka kunyesha, ukiona mstari wao hama mbali sio mita mbili tatu. Bondeni kabisa usilale, maji yanakuja huko na baridi ya usiku inashukia hukohuko. Na hii ni ya milimani tu jamani, ukishuka tambarare upande wa Mkomazi kuna simba na tembo, huko usilale kwenye turubai lililo wazi.

Hatua ya 3: upepo
Hili ndo wengi hawalijui. Mchana jua likipasha mteremko upepo unapanda mlima, usiku hewa ikipoa inateremka. Wewe unafunga saa kumi na moja jioni unaukinga upepo unaotoka chini, saa nane usiku unakuja kutoka juu. Kwahiyo kamba ya mgongo, yaani ile ndefu ya kati ya miti miwili inayobeba turubai, ipitishe kukatiza mteremko, ili ubavu mmoja wa turubai uangalie juu na mwingine uangalie chini, zile pande mbili zilizo wazi zibaki pembeni.

Hatua ya 4: kufunga
Funga kamba kati ya miti miwili, usawa wa kiuno tu, ukipandisha juu sana mvua inaingia kwa pembeni. Mti wa kwanza fundo lolote unaloliamini, wa pili tumia lile la utingo wa lori, unatengeneza kitanzi katikati ya kamba, unazungusha ncha kwenye mti, unairudisha ndani ya kitanzi na kuvuta mpaka kamba inalia. Tupia turubai juu nusu kwa nusu, vuta pembe nne nje kwa mshazari, kigingi kilale kidogo kichwa kikiwa upande wa nje ndo hakichomoki. Pembe zikishakaza malizia kamba za katikati ya kila ubavu.

Mbele na nyuma ya turubai funga kitambaa kidogo kwenye ile kamba ya mgongo, maji yanayotiririka kutoka kwenye mti yanadondokea hapo badala ya kuja kukudondokea usoni.

Hatua ya 5: ndani
Plastiki la chini liwe dogo kuliko paa, likitokeza nje linakusanya maji ya mvua yanakuja mpaka ulipolala. Chandarua ning'iniza kwenye kamba ya mgongo. Moto kaa nao mbali, cheche moja inatosha kutoboa nailoni.

Kabla ya kulala kaza kamba zote tena, nailoni ikilowa inalegea na paa likilegea maji yanatuama katikati, kwahiyo mvua ikianza usiku amka ukaze mara nyingine. Asubuhi likung'ute, lifunge nje ya begi, na mchana mkisimama kula lianike juani.