Kamera imekaa kabatini miaka? Fanya haya kabla ya kununua lenzi ya safari

Mtu akirudi kwenye upigaji picha baada ya kukaa kando muda mrefu, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei za lenzi. Nakuomba usianze hapo. Picha zako za zamani zilizolala kwenye kompyuta zinajua lenzi unayoihitaji kuliko muuzaji yeyote. Hapa nachukua mfano wa mtu mwenye Canon 600D, kamera ya mwaka 2011, na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo (yaani milimita 18 hadi 55; namba ikikua, kitu kinaonekana karibu zaidi), anayejiandaa kwenda Mji Mkongwe, Zanzibar, halafu Mikumi kuona wanyama. Mwenye Nikon au Sony afuate njia hiyohiyo, panapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Toa betri. Ikiwa imevimba, usiichaji hata mara moja, tafuta nyingine. Ikiwa nzima, ichaji ijae, kisha weka tarehe na saa upya kwenye kamera, maana picha za safari utazipanga kwa tarehe hiyo.

Halafu lenzi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande wa nyuma, nawe chungulia kwa mbele. Lenzi iliyofungiwa kwenye begi miaka mingi, hasa huku pwani kwenye unyevu, huota fangasi, na utaiona kama utando wa buibui ndani ya kioo. Ikiwa kidogo pembeni, picha haitaharibika sana, lakini itenge na lenzi nyingine mpaka fundi aifungue. Mwisho, weka apacha f/16 (apacha ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikipungua, tundu linapanuka) na upige anga tupu. Vidoa vyeusi vinavyobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi la sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha. Lipulize kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe usitumie mdomo, kwa sababu mate yakitua pale kazi inakuwa kubwa.

Hatua ya 2: Ziulize picha zako

Fungua folda ya picha za zamani. Kwenye Windows, chagua mwonekano wa orodha wenye maelezo, ongeza safu ya urefu wa fokasi (Focal length, ile namba ya milimita), kisha zipange kwa namba hiyo. Usitazame zote. Tazama zile unazozipenda, zile ulizomtumia mtu au ulizozichapisha ukaziweka ukutani.

Zikijazana kwenye 55, ulikuwa unatamani kusogea karibu zaidi. Zikijazana kwenye 18, wewe ni mtu wa mandhari, majengo na vyumba. Zikiwa kati ya 30 na 50, unapenda watu. Ukijua hilo, matangazo ya lenzi hayatakuyumbisha tena. Asiye na picha za zamani apige wiki kadhaa kwa hiyohiyo 18-55, nyumbani, sokoni, harusini, kisha arudi kwenye hatua hii.

Kumbuka sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Kwa Canon zidisha namba ya lenzi kwa 1.6, kwa Nikon na Sony za kundi hili zidisha kwa 1.5. Kwa hiyo 50mm kwenye 600D inaona kama 80mm.

Hatua ya 3: Lenzi ya watu na ya usiku

Kama una fedha ya lenzi moja tu, nunua 50mm f/1.8. Ya Canon iliyotoka mwaka 2015 ina uzito wa gramu 160 hivi, hata begini huisikii. Ukiwa Forodhani baada ya magharibi, kwenye taa za wauza urojo na mishikaki, ile 18-55 ikivutwa hadi mwisho inaishia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Picha iliyodai ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), ikajaa chenga, sasa unaipata kwa ISO 640 kwa kasi ileile ya shata, pazia linalofunguka na kufunga kamera inapopiga. Fokasi tumia pointi ya katikati, uilenge jichoni. Kwa f/1.8, ukikosea sentimita chache jicho linakuwa limepotea.

Ila sababu kubwa ya kuipenda lenzi hii kwenye safari ni umbali. Ili uso wa mtu ujae kwenye fremu lazima usimame karibu naye, mahali ambapo salamu inasikika. Unamwamkia, unaongea naye mawili matatu, unaomba: "Mzee, naomba nikupige picha." Akikataa unashukuru na kwenda zako. Kumvizia mama wa watu kutoka ng'ambo ya uchochoro kwa lenzi ndefu mimi naona ni kumwibia, na picha zenyewe hutoka baridi, nyuso hazijui kama zinatazamwa. Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaoishi humo. Watoto usiwapige bila ruhusa ya mkubwa wao, na panaposwaliwa kamera iwe begini.

Wa Nikon D3000 na D5000 na ndugu zake: bodi hizo (yaani kamera yenyewe bila lenzi) hazina mota ya fokasi ndani. Nunua lenzi yenye herufi AF-S, kama 35mm f/1.8G. Ukichukua ya AF tupu, utazungusha fokasi kwa mkono.

Hatua ya 4: Lenzi ya Mikumi

55-250 inatosha. Kwenye Canon inaona kama 400mm kwa upande mrefu, na ile yenye herufi STM ina gramu 375 tu. Ukienda mwendo wa asubuhi na mapema, twiga na tembo utawapata vizuri. Ndege wadogo watakushinda, wape macho tu.

Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500. Kitulizi cha ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi swala anayekimbia. Mwombe dereva azime injini kila mnaposimama, maana mtetemo wa gari unaharibu picha nyingi kuliko mkono. Shona kifuko cha kitambaa, tia kilo moja ya mchele, kiweke kwenye dirisha na ulaze lenzi juu yake. Na usibadilishe lenzi mle ndani ya vumbi. Ifunge 55-250 kwenye kamera kabla ya kuingia getini. Mandhari pana piga kwa simu.

Hatua ya 5: Lenzi pana usiihangaikie

Vichochoro ni vyembamba na hakuna pa kurudi nyuma, kweli, lakini 18mm uliyonayo inautoa mlango wote wa nakshi. Pasipotosha, simu ipo.

Hatua ya 6: Ukinunua iliyotumika

Nenda na bodi yako. Rudia jaribio la tochi. Sikiliza fokasi ikizunguka, zungusha zumu mwanzo hadi mwisho, piga ukuta wenye maandishi kwa apacha iliyo wazi kabisa, kisha kuza picha na ulinganishe pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu peke yake, lenzi hiyo huenda ilianguka. Iache.

Hatua ya 7: Huko huko safarini

Chumba chenye kiyoyozi na joto la Zanzibar ni maadui. Ukitoka na kamera ya baridi, lenzi inajaa mvuke papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, ndipo ulifungue. Usifute mvuke, na usitoe lenzi kwenye bodi wakati huo. Usiku nakili kadi kwenye kompyuta au diski, na usiifute hadi ufike nyumbani.