Kuchagua vitu vya kuchezea kwa malezi ya watoto nyumbani

Anayelea watoto kadhaa nyumbani kwake hununua vitu vitakavyoshikwa, kuangushwa na kutiwa vinywani kila siku, na kwa hiyo kipimo chake hakiwezi kuwa sawa na cha mzazi mwenye mtoto mmoja. Mimi huanza na vitu ambavyo mtoto mwenyewe ndiye anayevipa kazi, hasa matofali ya mbao. Mtoto wa mwaka 1 atayagonganisha, wa miaka 2 atayapanga kuwa mnara na kuuangusha kwa furaha, na wa miaka 4 atajenga nyumba yenye watu na visa vyake. Seti moja yenye vipande vingi huwafaa wote, ilhali mwanasesere anayeimba wimbo uleule kila akibonyezwa huchosha upesi.

Usalama hauna mjadala. Kwa walio chini ya miaka 3, chochote kinachopenya ndani ya bomba la kadibodi la karatasi ya chooni kiwekwe mbali nao, na vifaa ambavyo betri zake ndogo bapa hazikufungwa kwa skrubu visinunuliwe kabisa, kwani betri hiyo ikimezwa na kukwama huweza kuunguza umio ndani ya saa 2.

Watoto wa miaka 2 bado hawajui kugawana, kwa hiyo ni heri magari mawili yanayofanana kuliko aina nyingi tofauti. Fedha nyingi zaidi zielekezwe kwenye viti vinavyowawezesha kukanyaga sakafu wakiwa wameketi, na rafu fupi iliyokazwa ukutani.