Kabla ya Kumimina Asidi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwalimu wa Sayansi Mombasa

Mwalimu akipanga somo la asidi na metali huwa anaiwazia sana asidi. Mimi nakuomba uanze na metali, kwa sababu hapa Mombasa ndiyo inayoliharibu somo mara nyingi zaidi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi ya bahari. Msumari ulionunuliwa soko la Kongowea ukakaa kwenye droo la maabara kwa majuma kadhaa, haufiki mbele ya wanafunzi ukiwa chuma kitupu. Umeshafunikwa na kutu. Utepe wa magnesiamu uliokuwa unang'aa umefifia na kuwa wa kijivu, vipande vya zinki vimepata ungaunga mweupe, na waya wa shaba una madoa ya kijani.

Kila moja ya tabaka hizo inamdanganya mtoto kwa namna yake. Kutu huyeyuka katika asidi na kuacha maji ya rangi ya manjano bila kutoa gesi, kwa hiyo dakika za mwanzo mwanafunzi ataandika kwamba chuma hakitoi kitu. Ungaunga mweupe wa zinki una kaboneti ndani yake. Huo utatoa mapovu upesi, lakini ni mapovu ya kaboni dioksidi, si ya haidrojeni inayotoka kwa metali yenyewe. Shaba ndiyo mbaya zaidi. Somo zima linategemea mtoto aone kwamba shaba haimenyuki na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, yaani iliyopunguzwa nguvu kwa maji, naye anaona yale madoa ya kijani yakiyeyuka na asidi ikigeuka kijani-buluu. Ameona kwa macho yake, na ukimwambia shaba haikumenyuka atakuamini shingo upande.

Basi kitu cha kwanza kwenye orodha yako kiwe msasa. Sugua kila kipande mpaka king'ae, na uifanye kazi hiyo asubuhi ya somo badala ya jana yake. Suuza kwa maji ya mfereji au ya mvua uliyokinga, kausha hapo hapo kwa kitambaa, kisha weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kusuuza chuma, maana kutu itaanza upya kabla kengele haijalia. Wala usihifadhi metali kabati moja na chupa ya asidi kali ya haidrokloriki. Mvuke wake hupenya hata kwenye kifuniko kilichofungwa na kula kila chuma kilicho karibu, bawaba za kabati zikiwemo.

Chagua pia metali yenyewe kwa uangalifu. Misumari ya kupigilia mabati imepakwa zinki, kwa hiyo mtoto atakuwa anaitazama zinki akidhani ni chuma. Nunua ile ya kawaida ya mbao. Shaba ipate kutoka kwa fundi wa stima, vipande vya waya mpya uliovuliwa plastiki. Na kama shule yako iko karibu na wavuvi, waambie wanafunzi mapema wasilete chubwi za mishipi. Nyingi ni za risasi, nayo risasi ni sumu. Isitoshe, ikikutana na asidi ya haidrokloriki hujifunika tabaka lisiloyeyuka na mmenyuko ukafa. Sodiamu na potasiamu zisikaribie asidi kabisa, hata kwa onyesho la mwalimu.

Aluminiamu naiacha nje ya somo la kwanza. Watoto wataiulizia kwa sababu sufuria za nyumbani ni za aluminiamu, na swali hilo ni zuri. Lakini tabaka la oksidi linaloilinda huchelewesha mmenyuko dakika kadhaa. Darasa linachoka kungoja, mtu anaongeza asidi, halafu tabaka likishatoboka neli ya majaribio inachemka kwa ghafla na kuwa ya moto mkononi. Ihifadhi kwa somo la pili, uioneshe mwenyewe, na uwaeleze kwa nini mama hukataza ukwaju au achari kulala ndani ya sufuria.

Vipande vilingane. Ukitumia vumbi la chuma kando ya kipande kizima cha zinki, chuma kitaonekana kina nguvu kuliko zinki, kwa sababu tu vumbi lina eneo kubwa zaidi linaloguswa na asidi. Mpangilio unaoutafuta ni magnesiamu, kisha zinki, kisha chuma, na shaba kimya. Utaupata iwapo ukubwa, kiasi cha asidi na nguvu yake ni vile vile katika kila neli. Kwa magnesiamu, sentimita 3 za utepe zinatosha: ni kama gramu 0.03, na hutoa takriban mililita 30 za haidrojeni, yaani neli ya majaribio ya kawaida hujaa na kubaki. Mililita 5 za asidi ya moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) zinaumaliza utepe huo wote.

Sasa asidi. Asidi kali ya haidrokloriki inayouzwa kwa maabara huwa ya asilimia 36 au 37, karibu moli 12 kwa lita. Kupata lita moja ya asidi ya moli 1, pima mililita 85 hivi uzimimine polepole ndani ya maji mengi huku ukikoroga, halafu ongeza maji mpaka lita itimie. Asidi huingia katika maji. Maji hayamiminwi kamwe juu ya asidi kali, yatachemka na kukurukia usoni. Kazi hii ifanye mwalimu au msaidizi wa maabara, jana yake, asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Ukifungua chupa hiyo mchana wa Februari itakufukia moshi mkali. Fungulia nje au dirishani, simama upande upepo unakotokea, na uvae miwani ya kinga na glavu. Ukishazimua, andika lebo papo hapo: jina, nguvu, tarehe.

Maji ya kisima cha matumbawe yana chokaa, lakini kwa asidi ya moli 1 hayabadilishi nguvu yake kiasi cha kuonekana. Usihangaike sana hapo. Ukitaka maji safi kabisa, yapo yale ya kuongezea betri za magari yanayouzwa vituo vya petroli. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa humo humo. Asidi ya betri ni sulfuriki nzito isiyofaa mikononi mwa watoto, na ile iliyokwisha kutumika kwa fundi wa gari ina risasi ndani yake. Asidi ya kusafishia vyoo pia iache dukani. Hujui nguvu yake wala kilichochanganywa. Asidi ya naitriki haina nafasi katika somo hili, maana na metali nyingi haitoi haidrojeni bali gesi ya kahawia yenye sumu.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu: kagua ndoo na sinki. Shuleni kwetu ndoo hizo hizo hutumika kupigia deki kwa dawa ya klorini. Asidi ikikutana na mabaki ya dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Suuza ndoo ya majitaka ya somo mara kadhaa, au tenga moja isiyotumika kwa kazi nyingine.

Na shule isiyo na maabara? Tangu 2023 hapa Kenya madarasa ya sekondari msingi, yaani ya saba hadi ya tisa, yamekaa ndani ya shule za msingi, na walimu wengi wa sayansi jumuishi wanafundisha kwenye vyumba vyenye madawati na ubao tu. Hilo lisikuzuie. Siki nyeupe ya dukani, ya asilimia 5 hivi, hutoa mapovu mazuri na magnesiamu. Na zinki inakwenda pole mno, ingawa ukiacha neli mpaka kipindi kifuatacho utaona vipovu vimeng'ang'ania metali. Maji ya ndimu nayo yanafaa kwa magnesiamu. Kwa kweli kwa watoto wa umri huo ningewapa wote siki washike wenyewe, halafu haidrokloriki niwaoneshe mimi kwa mbele. Ila ndimu ya jaribio si ya kulambwa. Sheria ya kutoonja chochote isiwe na ubaguzi, hata kwa kitu wanachokijua jikoni.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa pwani lazima alitayarishe na wa bara huenda asilifikirie. Watoto wetu wanaishi juu ya matumbawe. Kuta za nyumba za zamani, kokoto za uani, makombe ya ufuoni, sakafu ya saruji: tone la asidi likianguka popote hapo, mapovu yanatoka. Mtoto mwerevu atauliza kama jiwe nalo ni metali. Usimnyamazishe, mpe jibu kwa moto na maji ya chokaa. Weka tayari neli moja yenye kipande cha kombe na nyingine yenye zinki. Gesi ya zinki ikikaribiwa na kijiti kinachowaka hulia kwa mlio mfupi mkali. Gesi ya kombe hukizima kijiti, na ukiipitisha kwenye maji ya chokaa yanageuka meupe kama maziwa. Maji hayo yatengeneze siku mbili mbele: koroga chokaa kidogo kwenye maji, acha itulie, kisha chukua yaliyotakata juu. Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba mapovu peke yake hayasemi kitu mpaka ujue ni gesi gani. Henry Cavendish alikuwa na shauku hiyo hiyo mwaka 1766, alipoichunguza hewa inayowaka iliyotoka kwa metali na asidi na kuonesha kwamba si hewa ya kawaida. Lavoisier na wenzake waliipa jina la haidrojeni baadaye. Wasimulie hayo wakati wanasubiri zinki. Ikichelewa kuanza, matone machache ya myeyusho wa salfeti ya shaba yataiharakisha.

Kabla ya kuwasha kijiti, panga mambo ya upepo. Fungua madirisha yote, lakini zima feni ya dari kwa dakika hizo, maana itatawanya gesi na kupeperusha moto. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa karibu mara 14, kwa hiyo ikusanye kwa kufunika neli tupu juu chini juu ya ile yenye mmenyuko, kisha isogeze mbali ndipo uikaribie kwa moto. Neli ndogo tu. Haidrojeni huweza kulipuka ikiwa katika hewa kwa kiasi cha kuanzia asilimia 4 mpaka 75, na chupa kubwa yenye mchanganyiko huo ni bomu. Hakuna kuwasha moto mdomoni mwa chupa inayoendelea kutoa gesi, wala kuiziba kwa kizibo.

Macho yanalindwa kwa miwani, kila mtoto na yake. Zikiwa ishirini na watoto sitini, fanyeni kwa makundi, au fanya wewe mbele yao watazame. Ncha za hijabu na mitandio zichomekwe ndani, mikono mirefu ikunjwe, na malapa yabaki nje ya chumba cha jaribio. Mwezi wa Ramadhani lipange jaribio vipindi vya kwanza. Mtoto aliyefunga akifika saa nane mchana katika joto letu mkono wake hautulii. Na usianze kabisa kama mifereji imekauka na hujajaza mapipa. Asidi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuongeza dawa yoyote, na mtoto apelekwe hospitali hata akisema haliumi. Kwenye ngozi, maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Magadi yaliyopondwa weka karibu kwa ajili ya asidi iliyomwagika mezani au sakafuni tu, yasipakwe mwilini.

Jaribu somo lote mwenyewe jana yake, kwa chupa ile ile na chumba kile kile. Vitabu vingi vinahesabu muda kwa maabara ya nyuzi 20; hapa ikiwa 31, magnesiamu humalizika kabla mwanafunzi wa nyuma hajasimama aone. Ukiona inakimbia, punguza asidi iwe ya nusu moli.

Kuhusu chumvi inayobaki. Wengi hukausha myeyusho wa zinki au magnesiamu na haidrokloriki wakitarajia fuwele, halafu wanashangaa sahani imebaki na utelezi. Kloridi hizo, yaani chumvi za haidrokloriki, hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu tunao tele. Ukiipasha moto kwa nguvu ili ikauke, itatoa mvuke wa asidi. Tumia asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa vizuri pamoja na magnesiamu iliyozidi kidogo, chuja, kisha acha sahani kivulini penye hewa siku kadhaa. Utapata fuwele nyeupe za salfeti ya magnesiamu. Waambie mapema kwamba hiyo si ya kutia kwenye mchuzi.

Mwisho wa kipindi, kila kitu kiingie kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Ongeza magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yakome, na usiifunike ndoo wakati metali bado imo, maana gesi haijaisha. Vipande vya zinki na shaba vilivyobaki visuuzwe, vikaushwe, virudi kwenye chupa yao. Maji yenye zinki na shaba yasimwagwe karibu na kisima. Ardhi yetu ya matumbawe inapitisha kila kitu upesi. Weka kwenye jerikeni yenye lebo, na umuulize mkuu wa idara ni wapi shule inapeleka taka za kemia kabla hujaagiza chupa ya kwanza ya asidi.